Mtoto Anayepaliwa Kila Akila: Mwongozo kwa Walezi wa Mponde

Kama unamlea mtoto mwenye mtindio wa ubongo hapa Mponde, bila shaka umeshaambiwa kwamba kifua chake ni cha baridi. Ukungu unashuka mpaka mlangoni, mwezi wa sita na wa saba nguo hazikauki, kwa hiyo mtoto akikohoa kila jirani ana jibu. Mvishe sweta. Mpake dawa ya kifua. Anachomwa sindano, anapata nafuu, na haupiti muda mrefu kifua kinaanza tena kukoroma. Kabla hujailaumu baridi kwa mara nyingine, nakuomba ukae umtazame anapokula, tangu kijiko cha kwanza hadi cha mwisho, na nusu saa baada ya hapo. Kwa watoto wengi wa aina hii kinachowaumiza kifua ni uji, chai na matapishi yanayoingia kwenye mapafu.

Wengi huku kwetu, kikohozi kisipokoma, humpeleka mtoto kwa fundi akatwe kimeo. Nasema bila kumung'unya maneno: usimpeleke. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo hakihusiki na kikohozi hiki. Kukikata humletea mtoto kutokwa damu, kidonda, hata pepopunda, na akitoka huko atameza kwa shida kuliko alivyoingia, maana sasa koo linauma.

Njia ya chakula na njia ya hewa hutumia koo moja kabla hazijaachana. Kila tunapomeza, pumzi husimama kidogo, koo hupanda, na kifuniko kidogo hulala juu ya njia ya hewa mpaka tonge lipite. Misuli mingi inashiriki, na ubongo ndio unaoipanga ipi ianze na ipi ifuate. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyepata manjano kali siku za mwanzo, aliyeugua homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani, anaweza kuwa na ubongo usiotoa amri hizo kwa wakati. Uji unafika kooni kabla mlango haujafungwa.

Shida haiishii kooni. Mlango wa juu wa tumbo unalegea, na chakula kinarudi. Tumbo linachelewa kumwaga chakula kwenda kwenye utumbo, kwa hiyo kijiko cha nne tu mtoto ameshiba. Utumbo mpana unakwenda polepole, choo kinakauka. Mkulima wa milima hii anaujua mfereji wa kumwagilia: ukiziba kule chini bondeni, maji yanamwagika huku juu. Ndivyo ilivyo kwa mtoto huyu. Asiyepata choo kwa siku tano atatapika zaidi, anayetapika zaidi atapaliwa zaidi, na anayepaliwa atalazwa kwa nimonia. Ndiyo maana mtu akiniuliza aanzie wapi, humwambia aanze sehemu mbili kwa pamoja, kwenye namna mtoto anavyokaa wakati wa kula na kwenye choo chake. Dawa zifuate.

Dalili za kutazama

Kukohoa wakati wa kula kila mtu hukuona. Zipo dalili za chini zaidi. Macho hulengalenga machozi katikati ya mlo. Sauti hubadilika na kuwa ya majimaji, kana kwamba kuna kitu kinachemka kooni. Pua hutoa maziwa. Midomo hufifia rangi. Pumzi huenda mbio baada ya kula kuliko kabla. Mtoto hujipinda mgongo na kugeuza uso akiona kijiko, na watu husema ana kiburi, kumbe anaogopa kitu kinachomuumiza.

Wengine hupaliwa kimya kimya. Hawakohoi kabisa, kwa sababu ubongo haupati habari kwamba kitu kimeingia kusikotakiwa. Kwa hawa, dalili pekee inaweza kuwa homa zinazojirudia, kifua kisichotulia na uzito usiopanda. Kwa hiyo mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayepata nimonia mara kwa mara ahesabiwe kuwa anapaliwa mpaka ithibitike vinginevyo, hata kama anakula kwa utulivu.

Namna ya kumkalisha

Kosa kubwa ninaloliona, na linafanywa kwa mapenzi, ni kumlaza mtoto chali mapajani, kichwa kikining'inia nyuma, kisha kumimina uji mdomoni. Kichwa kikilala nyuma, njia ya hewa inakuwa wazi kabisa na uji unateremka wenyewe bila kusubiri mtoto ameze. Ukimbana pua ili afungue mdomo ndiyo unamaliza kabisa, maana atavuta pumzi kwa nguvu na uji utaifuata hewa.

Mkalishe wima. Makalio yaingie nyuma kabisa ya kiti, nyonga na magoti vikunjike, nyayo zikanyage kitu, mikono iwe mbele juu ya meza. Kichwa kiwe katikati na kidevu kiiname kidogo kuelekea kifuani. Kama ni mtoto anayekakamaa na kujirusha nyuma, usipigane na kichwa chake. Kunja kwanza nyonga na magoti, na mara nyingi mgongo na shingo vitalegea vyenyewe. Mdogo anayekaa mapajani, inua mguu wako mmoja juu ya kigoda ili paja lako limshike mgongo, na mkono wako umzuie bega.

Kiti chenyewe fundi seremala yeyote wa Soni au Bumbuli anaweza kukitengeneza: mbao za pembeni za kumzuia asianguke, kimeza cha mbele, kibao cha kukanyagia na mshipi wa kitambaa unaopita nyongani, si tumboni. Asiye na fedha ya mbao anaweza kutumia maboksi yaliyobandikwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga. Ufundi huo wa samani za makaratasi kwa watoto wenye ulemavu ulianzia Zimbabwe, na kiti chake kikikauka vizuri kinabeba mtoto.

Wewe nawe kaa mbele yake, uso wako uwe sawa na wake au chini kidogo. Ukisimama, atainua kichwa kukutazama, na kidevu kikiinuka kazi yote ya kiti imepotea. Kijiko kiwe kidogo na bapa. Kilete kutoka mbele na chini, kigandamize ulimi katikati taratibu, subiri mdomo ufunge, kisha kitoe moja kwa moja. Usikikwaruze kwenye meno ya juu, kwani hilo humfanya arushe kichwa nyuma. Mdomo usipofunga, kaa ubavuni mwake umsaidie: kidole cha kati chini ya kidevu, cha shahada kati ya mdomo wa chini na kidevu, gumba likitulia shavuni karibu na sikio. Halafu ngoja. Tazama koo lipande na kushuka. Wengine humeza mara mbili kwa kijiko kimoja. Mpaka uone koo limeshuka na mdomo uko mtupu, kijiko cha pili hakina ruhusa ya kuingia.

Kwa kinywaji, chukua kikombe cha plastiki laini na ukate nusu duara upande mmoja wa ukingo, pale pua inapogusa. Sasa atakunywa hadi tone la mwisho bila kuinua kichwa. Chupa ya kunyonyea ambayo tundu lake limepanuliwa kwa sindano ya moto iache kabisa.

Chai, uji na makande

Hapa kwenye mashamba ya chai ni kawaida mtoto kuanza siku na chai ya rangi yenye sukari. Kwa mtoto anayepaliwa, chai ndiyo kinywaji kigumu kuliko vyote. Ni nyepesi, inakimbia kuliko anavyoweza kuidhibiti, haina lishe, na ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata kwenye maharage na mboga. Maji matupu nayo yana hatari ileile ya wepesi. Vinywaji vizito kidogo huenda polepole na kumpa koo muda wa kujifunga: mtindi, uji uliochujwa mabonge, maziwa yaliyosagwa na ndizi mbivu au parachichi.

Uzito gani? Mtaalamu akimwona mtoto atakuambia, lakini kuna kipimo cha nyumbani kinachotumika duniani kote na hakihitaji umeme. Nunua duka la dawa bomba la sindano la mililita 10, uondoe sindano na kijiti cha kusukumia. Ziba tundu kwa kidole, jaza uji mpaka alama ya 10, achia kidole kwa sekunde 10 huku bomba likiwa wima, ziba tena, kisha tazama kilichobaki. Maji yatakuwa yameisha yote. Ikibaki kati ya mililita 4 na 8, huo ni uzito mdogo. Ikibaki zaidi ya 8, ni uzito wa kati. Andika namba inayomfaa mtoto wako, ili bibi, dada na jirani wote wapike uji uleule. Uji huwa mzito ukipoa, kwa hiyo pima ukiwa na joto lile analonywea.

Kwa chakula kigumu, epuka vinavyochanganya maji na vipande. Makande yenye mchuzi, supu yenye nyama, mkate uliochovywa kwenye chai: maji yanatangulia kooni wakati kipande bado kimo mdomoni, na mtoto hawezi kushughulikia vyote viwili. Wali mkavu nao husambaa mdomoni. Bahati nzuri Lushoto ina chakula kinachofaa kuliko sehemu nyingi. Viazi mviringo vilivyopondwa na maziwa, maharage yaliyochemshwa sana na kupitishwa kwenye chujio, karoti, boga, parachichi. Kijiko cha mafuta kilichokorogwa vizuri ndani ya viazi humpa nguvu bila kuongeza wingi wa chakula, na huyu ni mtoto ambaye tumbo lake halibebi wingi.

Lakini usimnyweshe mafuta peke yake. Iwe mafuta ya kula, ya nazi, ya mnyonyo, au samli ya kulainisha kifua, ukimtilia mdomoni yanaweza kuteleza hadi mapafuni bila hata kumfanya akohoe, na yakifika huko husababisha nimonia ngumu kutibu. Mafuta ya parafini yanayouzwa kama dawa ya choo nayo hayamfai kwa sababu hiyohiyo.

Milo iwe midogo, mitano au sita kwa siku, na kila mmoja usipite nusu saa. Mtoto aliyechoka humeza vibaya, kwa hiyo dakika za mwisho za mlo mrefu ndizo zenye hatari. Usimlishe akiwa anasinzia, akilia, au akiwa ametoka tu kwenye degedege.

Akipaliwa, acha kulisha, mwinamishe mbele, mwache akohoe. Usimpe maji. Akishindwa kabisa kutoa sauti au kuvuta pumzi, mpige kwa kiganja kati ya mabega mara tano akiwa ameinamishwa kichwa chini, huku mwenzako akitafuta usafiri.

Baada ya kula

Abaki wima kwa nusu saa, ikiwezekana saa nzima. Wengi hapa, mlo ukiisha, mtoto hufungwa mgongoni na kupandishwa mlima kwenda shambani. Khanga iliyobana tumbo lililojaa husukuma chakula juu. Ngoja kwanza, au mbebe kifuani akiwa ameinuka. Na kama mnasafiri, msimpe chakula kizito karibu na kuondoka, maana kona za Soni hadi Mombo hutapisha hata watu wazima.

Usiku mlaze ubavu, sehemu ya kichwani ikiwa imeinuliwa kwa blanketi lililokunjwa chini ya godoro, ili kiinuke kiwiliwili chote na siyo shingo peke yake. Mto chini ya kichwa tu hukunja tumbo na kuzidisha kucheua.

Msafishe mdomo asubuhi na usiku, hata kama hana meno ya kutosha. Mate yake yataingia kifuani tu, hilo hatuwezi kulizuia lote. Tunachoweza ni kuhakikisha hayaendi na uchafu. Tumia mswaki laini uliolowekwa kidogo, bila povu la dawa nyingi. Na kama jiko la kuni liko ndani ya nyumba, mhamishie sehemu isiyo na moshi. Najua baridi ya hapa inavyomvuta kila mtu kwenye mafiga, lakini mapafu yaliyokwisha kuchubuliwa na uji hayana nafasi ya kubeba moshi.

Choo

Walezi wengi huona aibu kulisema hili, na waganga nao husahau kuuliza. Mtoto anayepata choo chini ya mara tatu kwa wiki, au kinachotoka kikiwa vigololi vikavu, au anayelia na kukakamaa anapojisaidia, ana tatizo linalostahili matibabu. Wakati mwingine hutokea kinyume: kinyesi cha majimaji kinachafua nguo siku nzima, na mama hufikiri ni kuhara, kumbe choo kigumu kimeziba na maji yanapita pembeni. Mguse tumbo upande wa kushoto chini ya kitovu. Ukikuta uvimbe mgumu kama wa mabonge, basi umeshapata jibu. Ukimpa mtoto huyu dawa ya kuzuia kuhara utamzibia zaidi.

Kwa nini anaziba? Hatembei, na mwendo ndio unaousaidia utumbo. Anakunywa kidogo kwa sababu kunywa ni shida, na anapoteza maji mengi kwa udenda. Misuli ya tumbo haina nguvu ya kusukuma, au inakaza pale inapotakiwa kulegea. Baadhi ya dawa huongeza: za kupunguza udenda au kulegeza misuli kama trihexyphenidyl hukausha hata utumbo, na vidonge vya madini ya chuma hukaza choo. Usiziache mwenyewe, hasa za degedege, kwani kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Mweleze aliyeziandika.

Anza na maji. Hesabu vikombe alivyokunywa tangu asubuhi, kisha tazama mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, hayatoshi. Ongeza kidogo kidogo siku nzima, kwa uzito anaoumudu. Kisha matunda. Peasi, plamu na pichi za Lushoto, zilizopikwa zikalainika na kupondwa bila maganda, husaidia kweli, na msimu wake ukifika ni za bei rahisi. Lakini kuongeza maharage na mboga bila kuongeza maji hukifanya choo kiwe kikubwa na kikavu zaidi, na mtoto ataumia.

Utumbo huamka baada ya mlo. Kwa hiyo, akishamaliza kukaa wima, mweke kwenye poti au mshike juu ya beseni, magoti yakiwa juu kuliko nyonga, miguu imekanyaga, dakika tano hadi kumi, kila siku saa ileile. Kabla ya kula, mlo ujao ukiwa bado, mpapase tumbo kwa kiganja chenye joto: panda upande wake wa kulia, vuka juu ya kitovu, shuka upande wa kushoto. Kunja miguu yake kuelekea tumboni, nyoosha, rudia.

Isiposaidia, nenda zahanati. Dawa kama lakitulozi hulainisha choo kwa kuvuta maji ndani ya utumbo na inaweza kutumika kwa muda mrefu chini ya uangalizi. Wazazi wengi huacha siku choo kinapotoka, na baada ya wiki wamerudi mwanzo. Utumbo uliotanuka unahitaji miezi kurudi katika hali yake. Vipande vya sabuni, vijiti na dawa za mitishamba za kupiga bomba huchubua utumbo na vimeua watoto. Choo chenye damu, tumbo lililovimba na kukaza, au matapishi ya kijani, hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Lini usisubiri

Hesabu pumzi zake akiwa ametulia, kwa dakika nzima, kwa kutumia simu. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Pumzi zikifika hapo, mpeleke akapimwe siku hiyo. Mbavu za chini zikibonyea ndani anapovuta hewa, midomo ikiwa ya bluu, akishindwa kunywa au akiwa mzito kuamka, hiyo ni dharura hata kama ni usiku. Matapishi yenye damu au yenye rangi ya kahawa yanaweza kuonyesha kwamba asidi inayopanda imechubua njia ya chakula. Hapo daktari anaweza kumwandikia omeprazoli. Itapunguza ukali wa asidi na maumivu, lakini haizuii chakula kurudi wala kuingia kifuani, kwa hiyo ukalishaji wa wima hauna likizo.

Anzia zahanati yako, kisha Hospitali ya Bumbuli ya Kanisa la Kilutheri au Hospitali ya Wilaya ya Lushoto. Rufaa ya mkoa ni Bombo, Tanga. KCMC ya Moshi imekuwa ikifundisha wataalamu wa mazoezi ya viungo na wa tiba kwa vitendo, na hao wa mwisho ndio wanaojua zaidi kazi ya kulisha. Huduma kwa mtoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya serikali zina msamaha kisera. Akivuka umri huo na huna uwezo, mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kulipa.

Kama unatumia zaidi ya saa tatu kwa siku kumlisha, uzito hauongezeki, au nimonia hazikomi hata baada ya kurekebisha yote haya, muulize daktari kuhusu mrija. Wa puani ni wa muda, na kabla ya kila mlo lazima kuhakikisha haujasogea. Ukiwa wa kudumu hupitishwa moja kwa moja tumboni kwa upasuaji, na madaktari wa upasuaji wa watoto wako kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili. Akina mama wengi hulia wanapousikia, wakidhani wameshindwa kazi yao. Hawajashindwa. Uji huohuo wa nyumbani, uliosagwa na kuchujwa, hupita humo, na wengi wa watoto hawa wanaweza kuendelea kuonja kidogo kwa mdomo kwa raha yao. Mrija wenyewe haumalizi kutapika, kwa hiyo muulize daktari atafanyaje kuhusu hilo kabla ya kukubali tarehe.

Siku ya kwenda, nenda na daftari lenye siku za choo, idadi ya vikombe, tarehe za nimonia na majina ya dawa zote. Na siku moja kabla, mwombe mtu akurekodi kwa simu ukimlisha, dakika tatu tu, kamera ikiona uso na shingo ya mtoto kwa ubavu. Chumba cha daktari kina haraka na mtoto hatakula mbele ya mgeni, ila video hiyo itamwonyesha jinsi anavyomeza nyumbani.